Jirani Asiyekula Muhogo

Nilikuwa mwalimu mpya wa jiografia mjini Mutsamudu, mtu wa Moroni niliyechekwa na wanafunzi kila nilipofungua mdomo, maana lafudhi yangu ya kisiwa chetu cha Ngazidja iliwachangamsha kuliko somo lenyewe. Niliupenda mji ule kupita kiasi! Tatizo, sikuwa nimethibitishwa kazini. Mkaguzi alikuwa anakuja kutoka Moroni, na somo lisipompendeza ningepanda naye ndege pale kiwanjani Ouani, nirudi kwetu. Zama zile mamluki wa Kizungu walipita barabarani na bunduki zao, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kubishana na mtu wa serikali.

Somo nililopangiwa lilikuwa wakazi wa Gujarat, kule India, na dini zao. Kitabu kilikuwa kikavu, hakimezeki. Nikakimbilia kwa jirani yangu, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, ambaye watoto wote walimwita koko, yaani bibi. Alikuwa Mwislamu kama sisi, ila watu wake walisali kivyao. Akanisimulia mtaa alikotoka bibi yake: Wahindu tele, Waislamu wachache, Wajaini wachache zaidi, Waparsi wa kutafuta. Akanipa vipande vya vitambaa, kila dini rangi yake.

Siku ikafika. Mkaguzi akaketi nyuma. Nikagawa vitambaa, nikawaambia watoto kila mmoja ataje dini ya rangi yake: mimi ni Mhindu, mimi ni Mjaini. Binti mmoja wa mtaa wa Hombo, asiyeogopa mtu, akakirudisha kitambaa chake mezani.

"Fundi," akasema, kwani ndivyo mwalimu anavyoitwa kule, "hayo siwezi kuyatamka kwa ulimi wangu. Mama hatanielewa."

Wengine wakarudisha vyao. Nimekwisha, nilijisemea. Kisha nikamtazama yule binti, nikakumbuka kwamba kwetu visiwani nyumba ni mali ya mwanamke, na hata yeye alikuwa anajengewa yake na wazazi.

"Basi baki ulivyo. Umehamia Gujarat, una nyumba yako. Kulia Wahindu, mbele Wahindu, nyuma Wahindu. Kushoto Mjaini. Leo ni Idi. Utawapelekea sahani gani?"

Lo! Darasa zima likasimama.

"Nyama!"

"Wengi wao hawali nyama."

"Samaki!"

"Hata samaki."

"Muhogo wa nazi!"

"Koko wa dukani ameniambia Mjaini hali kitu kinachochimbwa ardhini."

Hawali muhogo! Mvulana mmoja alishika kichwa. "Masikini, wanaishije?" Walibishana, wakapigana vikumbo, wakapanga vitambaa sakafuni nyumba kwa nyumba kuhakikisha hakuna jirani atakayelala bila sahani, na hivyo wakajua vizuri nani ni wengi kule na nani ni wachache. Binti wa Hombo ndiye aliyepata jibu: "Shelisheli! Lenyewe linaning'inia mtini!" Wakampigia makofi.

"Na ndizi je?" ikauliza sauti nzito kutoka nyuma. Alikuwa mkaguzi.

Alipotoka alinishika mkono. "Wewe utabaki huku huku." Nilitaka kumbusu!

Kesho yake jioni nilimpelekea koko vitambaa vyake, miguu haigusi chini kwa furaha. Meza ya duka ilikuwa haionekani. Shelisheli la nazi, shelisheli la kuchoma, la kukaanga, sahani juu ya sahani. Watoto walikuwa wamefika nyumbani na habari nusu, na kina mama wa mtaa wakadhani kwamba asiyekula vitu vya ardhini ni koko mwenyewe.

Alikuwa ameketi katikati ya sahani, anacheka huku anafuta macho.

"Tangu nimzike mume wangu," alisema, "hakuna sahani iliyovuka kizingiti hiki. Fundi, waambie muhogo nakula. Tena naupenda." Akavuta sahani moja karibu. "Ila usiwaambie wiki hii."