Siku Mjomba Alipozielekea Bunduki

Kila siku ya mwisho wa mwaka, hapa Berea, Johannesburg, fataki huanza hata kabla jua halijazama. Watoto wa ghorofa letu huziwasha uani, na moshi wake hupanda mpaka dirishani kwangu, orofa ya sita: harufu kali ya baruti iliyoungua, inayoacha mdomoni ladha ya chuma. Majirani hufungua madirisha wapige vigelegele. Mimi hufunga la kwangu. Msidhani naogopa kelele. Aliyekulia Bertrams, karibu na uwanja wa mpira, hana kelele anayoiogopa. Ni ile harufu. Wenzangu inawaletea mwaka mpya, mimi inaniletea mlima wa rangi ya zambarau huko Uingereza, na mama yangu anakimbia juu yake akiwa na kiatu kimoja.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa msusi, anasuka wateja sebuleni kwetu Bertrams, na duniani alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Kashindi. Walikimbia vita pamoja kutoka Uvira, mashariki ya Kongo, wakaishi pamoja kambini Tanzania, kisha Mama akamfuata baba yangu huku kusini. Kashindi alibaki kambini miaka mingi, mpaka akapelekwa kuishi kaskazini mwa Uingereza. Kwangu mimi mjomba huyo alikuwa sauti tu. Mama alikuwa akiichomeka simu ndani ya kilemba, pale sikioni, ili mikono ibaki huru kusuka, na wateja wetu wote walizijua habari za Kashindi kama za mtu wa mtaa wao.

Visa zetu zilichelewa, zikatoka Agosti, shule zikiwa zimefunguliwa. Mama hakumwomba mwalimu ruhusa wala nini. Alifunga mizigo.

Uwanja wa ndege walikumbatiana muda mrefu mpaka nikaona haya. Halafu Mama akakishika kidevu cha mjomba, akawa anamgeuza uso huku na huku kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Mjomba alikuwa mrefu, mtaratibu, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti. Aliponisalimia nikamjibu kwa Kiingereza chenye Kizulu ndani yake, maana Kiswahili nilikisikia chote lakini ulimi wangu ulikuwa mzito, naye akacheka akasema, "Eh dada, umeniletea Mzungu!"

Mji wake ulikuwa mdogo, nyumba zake za mawe meusi, chini ya vilima. Baridi yake sikuitegemea. "Wanasema hiki ni kiangazi," Mama alisema, akiwa amevaa nguo zote alizokuja nazo.

Jumamosi mjomba akatuambia ana kibarua mlimani, cha kufukuza ndege. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kwao, katika bonde la Ruzizi, wao wawili walikuwa wakifukuza ndege kwenye mpunga wa mama yao, wanapiga mabati na kuimba asubuhi hadi jioni. "Umevuka bahari yote ile, Kashindi, uje kufanya kazi ya utoto?"

"Njooni muone," mjomba akasema.

Bunduki hakuzitaja. Mpaka leo sijui kama alituficha, au kama kwake lilikuwa limeshakuwa jambo dogo lisilohitaji kutajwa.

Yeye alitangulia na wenzake. Sisi tulichukuliwa na jirani yake, bibi mmoja wa Kizungu mwenye mbwa wawili weusi na gari lililonuka mbwa hao. Nilimuuliza kazi yake mlimani ni nini, akasema ni kuokota ndege. Nikamtafsiria Mama: anaokota ndege. Hatukujiuliza hata mmoja wetu imekuwaje ndege wa kuruka wakaokotwa chini kama mapera.

Gari lilipanda, nyumba zikaisha, miti ikaisha, halafu tukatokea juu, na hapo nilisahau kupumua. Nchi yote ilikuwa ya zambarau. Nyumbani Johannesburg nimezoea jakaranda zikimwaga maua barabarani, lakini hizo ni mstari wa miti na chini yake kuna lami. Huku ilikuwa kama mtu amemwaga rangi kutoka mbinguni akasahau kuacha. Kumbe ni kichaka kifupi tu, kinafika gotini, kigumu kama brashi, chenye maua madogo kuliko punje ya mtama. Waingereza wanakiita heather. Nyuki walinguruma ndani yake. Udongo chini yake ulikuwa mweusi, unabonyea na kutoa maji ya rangi ya chai. Upepo ulileta harufu ya asali na ya kitu kilichooza kitambo.

Lakini kilichonitisha zaidi ni kwamba hapakuwa na watu. Hapakuwa na kibanda, wala mwanamke aliyebeba kitu kichwani, wala hata moshi. Mimi mtoto wa Joburg, ninayejua kwamba kila kipande cha ardhi kina mtu anayekigombania, niliuliza wenyewe wamekwenda wapi. Mama aliuliza tu, kama anaongea peke yake, "Hapa mtu akifukuzwa, anajificha wapi?"

Bibi wa mbwa alituketisha kwenye bonde dogo. Mbele yetu, juu kidogo, palikuwa na vibanda vya mawe visivyo na paa, vinavyomfikia mtu kifuani, vimepangwa mstari mmoja. Ndani ya kila kimoja alisimama mwanamume aliyevaa kofia na tai. Nakumbuka niliona tai kwanza. Bunduki za mitutu miwili niliziona baadaye.

Mama alikuwa ameziona kabla yangu. Mkono wake ulikuwa umenishika kiganja, nao ukaanza kukaza.

Mbali kwenye ukingo wa mlima walitokea watu, mstari mrefu, wanapepea bendera nyeupe za mifuko ya plastiki na kupiga kelele. Mmoja alikuwa mrefu kuliko wote na mweusi. Walikuwa wanatujia. Mbele yao vichaka vikapasuka, wakaruka ndege wa kahawia, wanono kama kwale, chini chini na kwa kasi ya ajabu, na bunduki zikalia.

Sikuona zaidi, kwa sababu nilikuwa nimelala kifudifudi na Mama yuko juu yangu. Uso wangu ulikuwa ndani ya vile vichaka, matawi yananichoma shavu, maji meusi yananiingia mdomoni, na moyo wa Mama ulipiga mgongoni kwangu kama mtu anayegonga mlango. Moshi wa baruti ukatufikia. Nilisikia bibi akisema kwa upole kwamba hakuna hatari, matajiri wanawinda kwa starehe, ni ndege tu, ni ndege tu, na mimi niliyekuwa mkalimani sikuweza kutoa neno.

Kisha Mama akainua kichwa. Akamwona Kashindi. Anatembea kuelekea kwenye bunduki, wima, kifua wazi, anapepea bendera yake.

Uzito ukaniondoka mgongoni. Nilipogeuka, Mama alikuwa ameshapita katikati ya vibanda viwili, kitenge amekikusanya mkononi, kiatu kimoja kimebaki topeni, anakimbia mbele ya mitutu na kupiga kelele, "Kashindi! Lala chini! Lala, Kashindi!"

Mwanamume wa kibanda cha karibu alielekeza bunduki yake mbinguni akapiga ukelele. Mara ikasikika sauti ndefu na nyembamba. Baragumu. Mkuu wa wale wafukuza ndege, aliyekuwa katikati ya mstari wao, alikuwa amelipuliza.

Bunduki zote zikanyamaza mara moja, kama redio iliyochomolewa. Nikasikia nyuki tena.

Mjomba alitupa bendera akaja mbio. Walikutana pale katikati, mahali pasipo na mtu, na jambo la kwanza alilofanya Mama ni kumpiga kofi. La pili alipompiga, mjomba hakujikinga. Nilikuwa nimewafikia, nimelowa, nalia kwa hasira.

"Bunduki zilitutoa kwetu," Mama alisema, pumzi zinamkata. "Leo weye unazifuata kwa miguu yako?"

"Dada, haukusikia baragumu?" Mjomba alimshika mabega. "Huku likilia, bunduki zote zinanyamaza. Hata ya tajiri. Ndiyo maana ninakuja. Kila Jumamosi ninakuja nizisikie zikinyamaza."

Mama alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha.

Yule mwanamume wa kibanda cha karibu alikuwa ameifungua bunduki yake, ametoa risasi, ameketi chini penye maji bila kujali suruali yake. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Mkuu wa kazi alikuja akazungumza na mjomba pembeni, kwa adabu, bila kupandisha sauti. Ilikuwa adabu ya kumfukuza. Mjomba hakurudi tena mlima ule.

Kesho yake bibi wa mbwa aliacha wawili wa wale ndege wa mlimani mlangoni, wameshanyonyolewa. Mama aliwapika kwa nyanya na vitunguu, tukala na ugali, akasema nyama ina ladha ya kichaka. Mjomba akacheka kwa mabega. Tulirudi Johannesburg baada ya wiki mbili, na jambo lile halikuzungumzwa. Wateja wa Mama walipouliza Uingereza kukoje, alijibu, "Kuna maua."

Lakini mimi nilibaki na donge. Miaka mingi niliudai moyo wa mama yangu kimyakimya: uliniacha. Bunduki zinalia, mtoto wako yuko chini, ukainuka ukaniacha. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilijipoza kwa methali yake mwenyewe, kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Haikunitosha. Mwenye kushtuka hukimbia hatari. Yeye aliikimbilia.

Juzijuzi tulikuwa kwenye benchi la kliniki, tunasubiri zamu ya macho yake. Nilimpigia mjomba simu tumjulie hali, na alipokata, Mama akaanza tu, kana kwamba anaendeleza mazungumzo.

"Siku ile Uvira bunduki zilianza tukiwa shambani. Nilimlaza Kashindi kwenye maji ya mpunga, nikamlalia. Mama yetu alikuwa upande wa pili. Alisimama. Akawa anatuita majina. Ningeitika, Kashindi angeinuka. Basi sikuitika. Alituita mpaka akaacha."

Watu walipita mbele yetu na makaratasi yao. Nilielewa hapo kwamba mjomba naye, chini ya kifua cha dada yake, alikuwa akisikia sauti ileile, na kwamba alichokwenda kukitafuta mlimani ni kimya kinachokuja watu wangali wamesimama. Na nikaelewa kwamba kulala chini, ambako mimi nilikuona ndiko kuokoka, kwa Mama lilikuwa jambo ambalo ameishi nalo tangu usichana wake.

Hata hivyo nilimuuliza. Nina zaidi ya miaka thelathini, nikauliza kama wa miaka tisa. "Na mimi, Mama? Uliniacha peke yangu pale chini."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Weye ulikuwa umelala chini," akasema. "Yeye ndiye alikuwa amesimama."