Uso wa Uzi Mweusi

Nisikilize kidogo, msomaji wangu, maana habari hii sikutaka kukaa nayo peke yangu. Fundi wa vitambaa aliyepanga chumba Majengo, pale Meru mjini, ametutoka, na amezikwa kwao Kiambere. Kazi yake ilikuwa kugeuza picha za watu kuwa mshono wa msalaba, nyuzi mbili zikikatizana ndani ya kila mraba, kwa uzi wa rangi moja tu. Alibandika picha kwenye kioo cha dirisha, akaweka karatasi ya grafu juu yake, kisha akafumba macho nusu. Palipobaki giza alijaza miraba kwa penseli. Palipobaki mwanga aliacha wazi. Kwake mraba ulishonwa au uliachwa, basi. Siku moja nilimuuliza mbona pua haionekani, akacheka, akasema pua nitaimalizia mwenyewe kwa macho yangu.

Nilimpelekea jirani yangu wa Kianjokoma, mjane. Tangu mumewe afariki hakuna aliyethubutu kukalia kiti chake. Wajukuu walikizunguka, wageni wakabanana kwenye kochi. Mama huyo alitaka uso wa mzee ushonwe kwenye kitambaa cha kufunika mgongo wa kiti hicho. Fundi akamuuliza kwa upole, je, mgeni akiegemea? Akajibu kwamba hakuna atakayeegemea.

Tulipoifuata kazi, mjane aliinamia kitambaa, akakunja uso.

"Mimi naona madoa tu. Mzee wangu ako wapi?"

"Ako hapo, mama. Wewe ndiye umemkaribia sana. Hebu rudi mpaka mlangoni."

Akarudi, akageuka, akakitazama tena.

"Na hiyo kofia," akasema hatimaye, "nilimwambia aitupe."

Ndipo fundi akamweleza kwamba uso wa namna hii hutaka nafasi. Usiwekwe kitini, utundikwe ukutani, ukikitazama kiti. Anayetaka kumwona mzee vizuri, akae pale kitini. Siku hizi wajukuu hukigombania kiti kile, na mama mwenyewe hunywea chai hapo.

Simu sasa hugawa picha kuwa miraba ukibonyeza mara moja, nami sina ugomvi nazo. Ila simu haiulizi nani atakaa wapi.

Nilipokwenda Majengo kutoa pole, binti yake alinielekeza kwenye stuli ya marehemu, kando ya dirisha. Nilisita, kisha nikaketi. Kutoka pale nyuso zote alizoshona na kuzitundika ukutani zilikuwa wazi, hata pua.

Nawe ukitaka kumshona mtu wako, chagua picha moja, fumba macho nusu, ushone giza peke yake. Ukimaliza, mtundike mkabala na kiti chake, halafu ukikalie.