Mbavu za Baba Mitchelle

Njoki amekaanga nguruwe pale Gilgil miaka ishirini na miwili, na ukimwambia hajui nyama anaweza kukufukuza kibandani kwa mwiko. Lakini Jumapili hiyo asubuhi alisimama mbele ya sufuria ya stima ya kupika polepole aliyotumiwa na binti yake, akaikodolea macho kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Haina moshi, haitoi sauti. Nyama gani inaiva kimya?

Hakuwa na nguvu za kubishana nayo. Tangu Februari, mumewe Mwaura alipopatwa na kiharusi, kazi yake imekuwa kumgeuza kitandani, kumwogesha, kumnywesha uji, kisha kukimbilia kibandani. Amechoka, na kuna siku amechoka hata na Mwaura mwenyewe. Na sasa Mwaura, aliyekuwa akipasua mbavu kwa pigo moja la shoka, amekataa uji. Anageukia ukuta. Nesi amesema kumeza anaweza, ni kutafuna kunakomshinda. Lakini asipokula kufikia Jumanne, atalazwa awekewe mpira wa kulishiwa puani.

Basi Njoki akabandua ile ngozi nyembamba iliyo nyuma ya mbavu, akazipaka chumvi, pilipili na kitunguu saumu, akazipanga ndani na kuzimwagia sosi ya nyanya, siki na asali. Akafunika. Baada ya dakika kumi akafunua. Baada ya kumi nyingine, akafunua tena. Ndipo binti yake, Mitchelle, alipopiga simu kutoka Nairobi.

"Mum, umefungua?"

"Nimechungulia tu."

"Wacha hiyo kitu! Ukifungua joto inatoka, unaanza upya. Enda ulale."

Kulala mchana! Njoki akaguna. Akaketi kitini apumzike kidogo tu, na alipozinduka ilikuwa saa tisa, shingo imekakamaa, harufu imejaa nyumba nzima. Akakimbilia chumbani. Mwaura alikuwa macho, na safari hii ameupa ukuta mgongo.

Njoki akazitoa mbavu taratibu, akazipitisha juu ya makaa zishike rangi. Alipozigusa, mifupa ikachomoka yenyewe. Akaichambua nyama, akaiponda kwa uma, mifupa akamtupia mbwa. Ubavu mmoja tu aliuacha mzima, wa kula mwenyewe.

Kijiko cha kwanza Mwaura akameza. Cha pili pia. Cha tatu akakizuia kwa mkono wake mzima, akakunja uso.

"Mifupa... iko wapi?"

Tangu Februari alikuwa akisema "eeh" na "hapana" tu. Njoki akapandwa na hasira kabla hajajua kwamba ni furaha.

"Baba Mitchelle! Masaa saba mazima nakupikia, nakutolea kila kitu, na bado unalalamika?"

"Mbavu," akasema Mwaura, neno moja moja, kama zamani alipokuwa akimfundisha kijana mpya buchani, "ni... mfupa."

Machozi yakamtoka Njoki. Akaenda kuuleta ubavu wake, akamwekea mkononi. Mwaura akaunyonya polepole, mafuta yakiteremka kidevuni mpaka kwenye shati alilovishwa asubuhi. Njoki alikiona kitambaa cha kumpangusia pale kilipokuwa, akakiacha. Akaketi ukingoni mwa kitanda, miguu ikimuuma, akangoja amalize.