Baruti za Spoku na Krismasi ya Baba

Enzi zetu pale mtaani Mabatini, Krismasi ulianza kuinusa wiki nzima kabla haijafika: chokaa mbichi ukutani, sato wa kukaanga kutoka soko la samaki la Mwaloni, na gauni jipya ambalo ukilijaribu kabla ya siku yenyewe unakiona cha mtema kuni. Soda ilikuwa moja kwa watu wawili, na ole wake aliyekunywa wa pili.

Na baruti! Watoto wa leo wananunua fataki dukani kama mkate. Sisi tulitengeneza: vichwa vya kiberiti, spoku ya baiskeli, msumari na jiwe la kugongea. Mimi, msichana, niliwapita wavulana wote kwa ufundi.

Mwaka baba aliporudi kutoka vitani, niligonga moja chini ya dirisha, pilau likiwa linapakuliwa. Niliingia nikicheka. Nikamkuta baba, mtu ambaye mtaa mzima ulimheshimu, amelala kifudifudi chini ya meza, wali mgongoni, mbele ya wageni. Alijipangusa, akaingia chumbani, na siku hiyo hatukumwona tena.

Mwaka uliofuata, Desemba ilipoingia tu, akafunga begi. Alisema atakaa Ukerewe kwa dada yake mpaka sikukuu zipite. Nililia sana, maana niliona mimi ndiye ninayemfukuza baba kwake.

Mama hakunichapa. Alinikalisha jikoni akasema, "Baba yako siyo mwoga. Amerudi yeye, masikio yake bado yako kule. Nenda ukamwambie ni wewe uliyegonga."

Nilikwenda nikamwambia. Baba aliweka begi chini. "Mshindo wenyewe si kitu," akasema. "Kibaya ni kutojua unatoka wapi. Siku nyingine nijulishe kwanza."

Begi likarudi juu ya kabati. Siku ya Krismasi watoto wa mtaa tulijipanga uani, baba mlangoni na kikombe chake, akituamuru kwa sauti ya gwaride: "Moja! Mbili! Gonga!" Kila tulipogonga, chai ilimwagika. Lakini hakuondoka, na pilau alikula pamoja nasi. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi vile.

Siku hizi fataki zinalipuka mfululizo na hakuna anayeuliza nyuma ya ukuta kuna nani. Vijana wameziba masikio kwa muziki, hata marahaba yako uliyoiandaa unarudi nayo nyumbani. Enzi zetu tulijuana. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwasema hadi Desemba iliyopita, mwanangu, naye askari, aliporudi kutoka kulinda amani ugenini akajifungia chumbani siku tatu.

Siku ya nne, asubuhi, nikasikia hodi. Vijana watatu wa mtaani, suruali zimeteremka, spika begani.

"Shikamoo mama. Tumesikia braza karudi. Kesho Krismasi tunapiga fataki, sasa tumekuja kuuliza, tukapigie wapi asishtuke?"

Niliona aibu kwa yote niliyowahi kuwasema. Kabla sijajibu, mlango wa chumba ulifunguka nyuma yangu.

"Pigeni hapahapa," mwanangu akasema. "Ila mniite, nitoke nione."