Wimbo Nilioachiwa Niutunze

Habari ya kifo chake ilinifikia Jumatatu asubuhi nikingoja zamu yangu kwa kinyozi, hapa mjini Machakos. Ilikuja katika kundi la simu la kanisa letu: mistari miwili, picha yake akiwa amefunga tai ambayo sikuwahi kumwona nayo, na chini yake pole zikaanza kumiminika. Niliandika pole yangu pia, kisha nikaizima simu kwa sababu niliona haya. Wasomaji wa siku nyingi wanamkumbuka, ingawa sikuwahi kumtaja jina na leo pia sitamtaja. Ndiye yule fundi wa kurekodi kwaya niliyemcheka katika safu hii, nikamwita mzee anayepima nyimbo kwa kilo.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea, kuta zote zimebandikwa trei za mayai. Kwaya zilimjia kutoka Masinga na Katangi, na kila mwalimu wa kwaya alipata masharti yale yale: wimbo mdogo nitakutumia kwa simu, lakini huondoki hapa bila wimbo mkubwa kwenye flash. Walimu walinung'unika kwamba huo mkubwa unajaza nafasi ya nyimbo kumi. Siku moja nilimwomba anieleze tofauti, naye badala ya kueleza akanivisha vipokea sauti na kunichezea wimbo mmoja mara mbili. Mara ya kwanza nilimsikia mama mmoja wa safu ya nyuma akivuta pumzi kabla ya kiitikio, na kayamba ikitulia taratibu baada ya mkono kusimama. Mara ya pili maneno yalikuwa yale yale, lakini pumzi ya yule mama haikuwepo, na kayamba ilichachatika kama mafuta kwenye karai. Alinieleza kwamba kompyuta ikiubana wimbo hutupa kile inachodhani sikio halitagundua kuwa hakipo, na kilichotupwa hakirudi. Ni kama kukoboa mahindi, akasema.

Niliisikia tofauti hiyo vizuri kabisa. Hata hivyo nilipoketi kuandika, niliandika kwamba sikusikia chochote, maana hivyo ndivyo makala ilivyochekesha zaidi. Nikaongeza kwamba sijawahi kumwona Mkamba akirudisha sahani ya muthokoi kwa kuwa mahindi yake yamekobolewa. Mlicheka, wengi mliniandikia. Yeye naye alisoma, akanipigia simu huku akicheka kuliko nyinyi nyote. "Umeniweza," akasema. "Muthokoi ni tamu, hata mimi nakula. Lakini haipandwi, ndugu yangu. Ukikoboa yote, mvua ikikuja utapanda nini?"

Huyu ndiye mtu aliyeniamini, baada ya yote hayo. Alikuwa amewarekodi watu maisha yake yote na akajirekodi mwenyewe mara moja tu, gitaa na sauti yake, wimbo wa Kikamba wa kumshukuru mkewe. Alikusudia kumchezea wakitimiza miaka arobaini ya ndoa. Mashine yake ilikuwa imezeeka, kwa hiyo akaniletea wimbo huo kwenye flash na kuniomba nimwekee, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuhifadhi maandishi. Niliuweka mezani wiki chache. Kisha nikahitaji flash ya kubebea picha za posa ya binti yangu, na zangu zote zilikuwa zimejaa. Nikaubana wimbo wake, nikauhamishia kwenye simu, nikaifuta ile flash. Nilijiambia kwamba wimbo ni wimbo. Miezi michache baadaye stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu na kuiunguza mashine yake na kila kilichokuwa ndani. Alinipigia siku hiyo hiyo. "Ule wimbo uko?" akauliza. Nikajibu kwamba uko. Akashukuru, na hakuniuliza tena.

Tulimzika kwao Kathiani, Ijumaa. Miaka arobaini haikutimia. Mjane wake aliujua wimbo huo kwa kuambiwa tu, na aliomba uchezwe kabla ya jeneza kushushwa, basi mshereheshaji akaniita mbele kama mtu muhimu. Nikaunganisha simu yangu na vile vipaza sauti vikubwa vya kukodi. Wimbo uliokuwa ukinitosha simuni ukatoka pale kama unaimbwa ndani ya mtungi. Gitaa lilizomea, na sauti ya mtu aliyetumia maisha yake kulinda sauti za wengine ikawa ya mtu yeyote. Mjane alisikiliza ameinamisha kichwa hadi mwisho. Kisha akanisogelea, akaniuliza kwa upole, "Ile nakala kubwa iko wapi? Alisema uko nayo." Nikamwambia imebaki nyumbani, nitaitafuta. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunishukuru.

Tangu siku hiyo amenipigia mara mbili. Hanisumbui, anauliza tu kama nimeipata, na mara zote mbili nimesema bado natafuta. Nimeandika safu hii miaka mingi, nikiwakemea watu wanaoahidi na wasiotimiza, na ninaona aibu nikikumbuka jinsi nilivyofurahia kukemea. Marehemu hakuwahi kuikataa nakala ndogo. Alichotaka ni kwamba mahali fulani, kwa mtu fulani, ibaki nakala moja nzima, ili kila kidogo kinachotolewa kiwe na kinakotoka. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nami nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kile kinachopotea, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Ukiachiwa kitu cha mtu, kitunze jinsi kilivyo, hata kama huoni kwa nini ni kikubwa hivyo. Nimejifunza hilo nikiwa nimechelewa, na hakuna pa kutafuta tena, kwa kuwa ule wimbo mkubwa niliufuta kwa mkono wangu. Nakala za gazeti hili hufika Kathiani saa nne asubuhi. Mimi nitakuwa mlangoni kwa mjane saa mbili, nimwambie kabla hajasoma.