Kikombe Kilichojikwaa Ulimi

Kuna watu wakipoteza kazi hulala chali wakahesabu mbao za dari. Huyu mama yeye alikwenda kununua mashine. Alikuwa mchapaji kwenye duka la kutoa kopi, miaka nenda miaka rudi akiwachapia watu barua za kuomba kazi na kadi za harusi ambazo hakualikwa, mpaka mwenye duka alipofunga mlango akahamia kwenye ufugaji wa kuku. Mama wa watu akarudi nyumbani na kiti chake cha kuzunguka. Haikupita muda ikaingia printa ya wino wa kuhamisha picha, ikafuata mashine ya joto ya kubania vikombe na fulana, na mwisho kimashine cha kukatia stika chenye kiwembe kidogo kikali kama ulimi wa wifi. Vyote vikapangwa juu ya meza ya chakula, na familia ikaanza kula sahani zikiwa magotini.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao tangu alipofiwa na mumewe, alizizunguka mashine zile mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Akauliza, "Sasa hapa ni nyumbani au kiwandani?" Tangu siku hiyo akamwita mkwewe Kiwanda, na jina likanasa, hata jirani akawa anabisha hodi kwa Kiwanda.

Kazi yenyewe ukisimuliwa ni nyepesi. Unatengeneza maandishi au picha kwenye kompyuta, unaichapa kwa wino wake maalumu, unaibandika karatasi kwenye kitu, unabana, moto unapanda, wino unageuka mvuke na kuingia ndani ya kile kitu usitoke tena. Ndivyo wanavyosema watu wa video za mtandaoni, na watu wa video sijui wanaishi dunia gani, hawakosei hata siku moja.

Kiwanda alianza na aproni. Akasahau kwamba maandishi sharti yageuzwe kwenye karatasi ili yasomeke kwenye nguo, basi aproni ikatoka imeandikwa kinyumenyume. Mama mkwe akaivaa hivyo hivyo, akaenda chumbani kusimama mbele ya kioo cha kabati, akasoma kwa sauti, "Mpishi Mkuu." Akarudi ametulia kabisa. "Nzuri sana. Nikitaka kukumbuka cheo changu nitakuwa naacha sufuria nakuja kujiangalia."

Akafuata mume. Huyu kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji, na kwa kuwa mita humjibu bila ubishi, amejiaminisha kwamba anajua kusoma na watu. Mkewe alimchapia fulana yenye simba kifuani. Fulana ilikuwa ya pamba, na wino ule haushiki pamba, unataka poliesta. Ilipofuliwa mara ya kwanza simba akawa paka. Ya pili, paka akawa doa.

"Simba wako amehama," mama mkwe alisema, akiianika.

"Hajahama, Mama. Amepauka."

"Aliyepauka huonekana. Huyu amekwenda zake."

Ilipofika zamu ya stika ndipo Kiwanda na mama mkwe walipokaa meza moja. Maana kile kimashine hukata tu, hakichambui. Kuchambua ni kazi ya mkono: unachukua kitu chenye ncha, unatoa mabaki, unaacha herufi. Na lugha yetu hii kila neno linakwisha kwa irabu, A kila mahali, O kila mahali, na kila moja ina kitundu katikati kinachotaka kutolewa peke yake. Kiwanda alikuwa aking'oa herufi na kuacha mabaki. Mama mkwe akavumilia, akavumilia, kisha akaingia chumbani akatoka na sindano yake ya kushonea.

"Lete hapa. Wewe mchele ulikuwa unachambua vipi, unatupa mchele unapika mawe?"

Basi ikawa ndiyo kawaida yao. Kiwanda anachora na kukata, bibi anachambua, na midomo haipumziki. Wakabishana rangi. Wakabishana kama samaki hutazama kulia au kushoto. Siku moja walibishana tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana kama "mwanamke wa shoka" ni sifa au tusi, na stika yenyewe ikatoka nzuri kupita zote. Kiwanda alikuwa akiamka na hoja kichwani, akinawa uso haraka ili aiwahishe mezani kabla haijapoa. Alimpenda mama mkwe wake. Nalisema mimi, maana yeye lilimshinda.

Sasa mume yeye alikuwa akirudi kazini anasikia kelele hizo tangu getini. Na siku moja alikuta mezani chai. Mchana ule wanawake wale walikuwa wamekata majina ya kubandika kwenye makopo ya jikoni, na mama mkwe, ambaye miwani yake hukaa kila mahali isipokuwa usoni, alibandika CHUMVI kwenye sukari na SUKARI kwenye chumvi. Mume, mtu wa kuamini kilichoandikwa, akatia vijiko vyake, akakoroga, akapiga funda. Nusura aiteme ukutani.

"Nani kafanya hivi?"

"Mama," alisema Kiwanda.

"Mkeo," alisema mama, wakati huo huo.

Mita ikasomwa hapo hapo: nyumba ina vita. Wahenga walisema vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, lakini hawakusema kila vikigongana kimoja kihamishwe kabati. Mawazo ya huyu bwana hayakufika huko. Alimpigia simu kaka yake mkubwa, wakaelewana wanaume kwa wanaume, na jioni, sahani magotini, akatangaza kwa upole wa daktari: "Mama, nimeona unachoka hapa. Jumapili kaka atakuja na gari, ukakae kwake. Kule kumetulia."

Kijiko cha Kiwanda kilisimama njiani. Akamtazama mama mkwe, akingoja akatae. Mama mkwe naye akamtazama yeye, akingoja vile vile. Kiwanda akajiambia: kumbe amenishitaki kwa mwanawe. Mama mkwe akajiambia: kumbe ndiye aliyeomba niondolewe. Kiburi kikawajibia wote wawili.

"Sawa," alisema mama mkwe.

"Sawa," alisema Kiwanda.

Sawa mbili zile zilistahili makofi, kila moja la kwake.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na heshima ya kutisha. "Naomba unipitishie mkasi, Mama." "Chukua, mwanangu." Mume akafurahi, akasema mwenyewe kwamba amani imerudi. Kiwanda akawa anachambua stika peke yake, na anapokosea hakuna wa kumcheka, na kumbe kukosea bila kuchekwa ni kazi ngumu sana. Alitaka kusema neno moja tu, "Usiende", na kila akilileta mdomoni linageuka kuwa, "Mama, nikuongeze chai?"

Ndipo akaamua kikombe kimsemee.

Jumapili asubuhi, bibi akiwa chumbani anafunga begi, Kiwanda alijifungia sebuleni akawasha mashine. Alichagua kikombe cheupe, kile kilichopakwa dawa ya kushika wino. Maandishi aliyageuza, akahakikisha, akahakikisha tena. Mstari wa juu aliandika HATUTAKUSAHAU, na chini yake MAMA. Usiende ni neno la kuomba, na alijua hataliweza hata kwa wino, lakini kutosahau anayeelewa ataelewa. Na herufi alizitaka kubwa, kwa ajili ya yale macho, hivyo neno likawa refu la kuzunguka kikombe kizima. Na maneno yetu mnayajua wenyewe: moja linabeba mtendaji, mtendwa, lini na vipi, na ile silabi ya kukataa imekaa mwanzoni kabisa, mlangoni, ikipeperuka ndiyo imekwisha.

Alikuwa na haraka, gari lisije likamkuta. Karatasi ikakaa upande, mwanzo wa neno ukasogea hadi ukabanana na mkono wa kikombe, pale ambapo kibanio cha mashine hakikumbatii na moto haufiki. Kiwanda hakuona. Mashine ikalia, na muda huo huo honi ikalia nje: shemeji kafika. Akabandua karatasi haraka haraka, akaona rangi zimewaka, akaona SAHAU imenyooka inasomeka vizuri, akataka kulia kwa furaha. Kikombe nacho hukuonyesha upande mmoja tu kwa wakati, ndio ujanja wake. Akakipuliza, akakifunga kwenye kitambaa kikiwa bado na joto.

Wakakusanyika sebuleni. Shemeji ameshika begi, mume ameshika funguo bila sababu. Kiwanda akanyoosha mikono yote miwili. "Mama, nimekutengenezea. Ndiyo yaliyo moyoni mwangu, nimeshindwa kuyasema."

Mama mkwe akafungua kitambaa. Akatafuta miwani, akaambiwa iko kichwani, akaishusha. Akakizungusha kikombe polepole, akisoma silabi kwa silabi kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Tu-ta-ku-sa-ha-u." Akazungusha tena. "Mama."

Shemeji akaangalia begi. Mume akaangalia dari. Kiwanda alicheka kidogo, akidhani bibi ameruka herufi kwa uzee, kisha akachungulia mwenyewe, akaona neno limekosa kichwa.

"Mama, hapana. Kuna HA. Niliandika HA, nakuapia. Imebaki kwenye karatasi, ngoja." Akakimbilia kwenye pipa la taka, akafukua, akarudi na karatasi yenyewe. Kweli, maandishi mengine yote yalikuwa yamefifia, herufi mbili tu zimebaki na wino wake mzito. Lakini karatasi ile si iligeuzwa?

Mama mkwe akaisogeza kwenye mwanga. "Hapa pameandikwa AH."

"Ni HA, Mama, imegeuka."

"Naona. Kikombe kinasema mtanisahau, karatasi inasema ah. Angalau vimekubaliana."

Hapo Kiwanda akashindwa. Akakaa sakafuni na karatasi yake mkononi, akalia kwa sauti mbele ya shemeji yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Mimi sitaki uende. Sikukuomba uende. Nikibaki hapa peke yangu nitabishana na nani, na mashine?"

Kisha mama mkwe akauliza, taratibu, "Si wewe uliyemwambia aniondoe?"

"Mimi? Si wewe uliyelalamika?"

Vichwa viwili vikageuka kwa pamoja vikamtazama msoma mita.

"Lakini mnagombana," alisema mume. Sauti ilikuwa imemtoka nyembamba. "Tangu asubuhi mpaka jioni. Mpaka chumvi kwenye chai."

"Chumvi nilibandika vibaya, macho yangu haya," alisema mama yake. "Na kugombana, tunagombana, ndiyo. Ulitaka tukae tunatazamana kama masanamu? Unanipeleka kwa kaka yako. Mkewe mwanamke mwema, sina neno naye. Lakini yule nikisema chai imepoa, ndiyo Mama. Nikisema chai inaunguza, ndiyo Mama. Nilikaa kwake likizo ile nikaanza kujijibu mwenyewe. Mtu atakufa kwa ndiyo Mama."

Shemeji akakohoa. "Kusema ukweli, Mama, hata mimi huwa natamani anibishie kidogo."

"Basi rudi nyumbani ukamchokoze. Begi lirudishe chumbani." Akakiinua kikombe kwenye mwanga, akapapasa kwa kidole gumba pale palipo peupe karibu na mkono. "Na wewe, Kiwanda, inuka hapo chini. Kazi hii umeifanya bila mimi, umeona mambo yake? Karatasi ilikaa upande. Ningekuwepo ningekwambia."

"Nitakuchapia kingine, Mama. Chenye HA."

"Chapa, nitasimama hapa hapa. Lakini hiki hakitupwi. Nitakinywea kila asubuhi mbele yenu, nimwone huyo atakayeanza kunisahau."

Kiwanda akajifuta macho kwa ukingo wa kitambaa. "Utanywea wapi, meza imejaa."

"Utasogeza mashine."

"Sisogezi. Zikisogezwa zinapoteza mizani."

"Printa ina mizani gani, wewe? Ni duka la nyama?"

"Mama, kuna mambo huyajui."

"Nifundishe basi, nikuone unavyokosea."

Zikaendelea hivyo, sauti mbili, na vikombe vikisukumwa huku na kurudishwa kule. Mume akakaa katikati yao na funguo zake mkononi, akisikiliza. Safari hii hakumpigia mtu simu.