Kiwanja Kisichofagiwa

Nimechoka na joto. Si lile la kutoka jasho tu, hata la kuhesabu. Kazi yangu ni kukadiria joto la jua linakwenda wapi likishagonga udongo: kiasi gani kinarudi hewani, kiasi gani kinazama ardhini, na kiasi gani kinaliwa na maji yanayokauka. Ndiyo maana tulisimamisha mlingoti wa vipimo upande wa Ikutha, kwenye kiwanja cha mama mmoja mjane, maana porini vyombo vingeibiwa. Chini yake tulifukia vipimajoto.

Kiangazi kile vipimo vilianza kusema uongo. Kila asubuhi vilidai kuna unyevu unaokauka, mahali ambapo mbuzi walikuwa wakinusa vumbi. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha betri. Nilitoka Kitui na kurudi mpaka mgongo ukanichukia, na mkubwa wangu akaanza kusema kazi ya kiangazi chote itatupwa.

Mwishowe nililala huko huko Ikutha, nikafika kwa yule mama alfajiri. Nikamkuta ameinama, ananyunyiza udongo maji aliyooshea vyombo vya jikoni ili vumbi litulie, kisha anafagia kuuzunguka mlingoti wangu. Maji yenyewe huyachota mbali, kwenye shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto. Kwake mlingoti ulikuwa mgeni, na mgeni hawekwi kwenye uchafu. Nilitaka kukasirika, nikakosa nguvu.

Nilimweleza. Aliuliza kama hata kufagia kunaharibu. Nikasema ndiyo, fagio linamomonyoa udongo uliofunika vipimajoto. Akakubali kuacha vyote viwili.

Niliporudi, vipimo vilikuwa vimenyooka. Kiwanja kilijaa majani makavu na mavi ya mbuzi, nami nikafurahi, kwa kadiri mtu aliyechoka anavyoweza. Ndipo aliponisimulia kwamba kina mama wa kanisa lake walimjia Jumapili wamebeba unga na sukari. Mmoja wao alikuwa amepita akaona hakujafagiwa, na huko, mama wa rika lake asipofagia, basi ni mgonjwa au amefiwa. Alijaribu kuwaeleza habari za joto la udongo. Wakazidisha maombi.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

“Kijana yangu,” akasema, “hii kazi yako inaisha lini? Watu wanafikiria nimeshindwa na boma yangu.”

Fagio lake alikuwa amelichomeka juu kabisa, kwenye paa la jikoni, asije akajisahau asubuhi akalishika. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa kwamba vipimo vitaendelea hadi kiangazi kingine. Niliona aibu, lakini nikasema.

“Mpaka mwaka ujao, mama.”

Aliingia jikoni, akanipikia chai, akaitia ile sukari aliyoletewa ya mgonjwa.